Stima Imepotea, Bondeni

Walimsafirisha Alhamisi usiku, kwenda kumzika Mbale.
Sisi tuliokosa nauli tukabaki Nakuru
na jina lake mdomoni kama mbegu ya pera
iliyokwama kwenye jino.

Jotham Amugune. Lakini nani alimwita hivyo
ila mamaye, na karani wa mahakama?
Kwetu alikuwa Stima,
mtu wa kwanza Bondeni kuchomeka gitaa ukutani
kama pasi.

Jumamosi tukajikuta kibandani kwangu,
hapa ninapofufua redio zilizokatiwa tamaa.
Hakuna aliyemwalika mwenziwe.
Rispa Kerubo alikuja na viatu vyake vya mwaka ule,
kimoja hakina kisigino:
"Alikivunja yeye," akasema,
"kwa wimbo wa tatu, na sikumdai."
Farajala alikuja na ubishi.
Gitaa lilikuwa jekundu, akasema.
La samawati, akasema Ondego wa reli,
samawati kama koti la gadi wa garimoshi.
Halikuwa na rangi, akasema Kerubo,
ni jasho lake lililolipaka.

Nikanyamaza. Mimi nililiona.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, juu ya ua wa kayaba
nyuma ya ukumbi wa reli, miiba makalioni,
senti hamsini za kiingilio nimezila mandazi.
Gitaa lile lilikuwa ubao wa kitanda.
Kitanda cha marehemu babake, kikapitiwa msumeno,
kikavikwa nyaya za simu zilizopotea Njoro,
na Posta hadi leo haijui.

Alipolipiga
mbwa wa mtaa mzima walilia kwa pamoja.
Padri akafunga dirisha,
kisha akalifungua nusu.
Hatukuwa na jina la kitu kile.
Wazee walikiita kelele, wakubwa wa reli uhuni,
na waliosoma wakasema ni rokenroli,
imetoka ng'ambo.
Mimi nilisikia garimoshi la mizigo
likiteremka kutoka Mau Summit bila breki.
Nilisikia bibi yangu akitwanga kwa hasira.
Ng'ambo gani?
Ilitoka pale alipokata roho mzee Amugune.

Baadaye vijana wakaja na magitaa ya dukani,
wakapiga haraka kumliko, wakaandikwa magazetini.
Yeye akafungua kigenge karibu na stendi ya mikokoteni,
akauza mafuta ya taa.
Stima, anauza mafuta ya taa!
Tulicheka. Tulicheka miaka mingi,
naye akitupimia, kibaba kwa kibaba,
bila kumwaga tone.

Chini ya meza yangu ipo spika yake.
Aliileta Februari, imekaukiwa sauti,
na kikaratasi: Nitalipa mwisho wa mwezi.
Hakusema mwezi upi.
Nikaivuta nje, nikapuliza vumbi, nikaichomeka.

Haikuimba. Ilinguruma tu,
ule mngurumo wa kabla ya wimbo,
wakati ule tulipokuwa tukizuia pumzi
na Stima akifuta vidole kwenye suruali.
Tukausikiliza, watu wazima wanne
kama wanaosomewa wosia.
Farajala akasahau kubisha.

Kisha taa ya kibanda ikazimika, na ya kinyozi,
na ya hoteli ya ng'ambo ya barabara,
mngurumo ukakatika katikati ya neno
ambalo haukuwa nalo.

"Stima imepotea!" mtoto wa jirani akapaza sauti,
kama anavyopaza kila siku.

"Amepotea," Ondego akamsahihisha, polepole,
akiwa hajui amesema kwa sauti.

Hakuna aliyetafuta kiberiti.
Gizani nikasikia kitu kikigonga saruji,
ko, ko-ko, ko,
kikapotea, kikarudi.
Kiatu kisicho na kisigino hakigongi hivyo.
Ni kile kingine.